Jino la Mama Nabwile

Wengine huchukia kazi yao kimyakimya, wakaibeba hivyo hivyo hadi siku ya pensheni. Daktari Waithaka hakuwa hivyo. Yeye aliichukia kwa sauti. Kliniki yake ya meno ilikuwa mjini Bungoma, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, na ukipita pale asubuhi ungemsikia akigombana na koleo zake kabla hata mgonjwa wa kwanza hajafungua mdomo.

Na sababu alikuwa nayo, tusimwonee. Alizaliwa Kitale, kwa wazazi waliotoka Nyeri wakapata shamba huko Trans-Nzoia. Akasomeshwa kwa jasho, akaenda Nairobi, akafundishwa namna ya kuokoa meno: kuyaziba, kuyasafisha mizizi, kuyavika kofia. Akaja Bungoma na moyo mkunjufu na kabati la dawa za kuzibia. Lakini watu wa Chwele, Sirisia na Myanga hawakuja kuokolewa meno, bwana. Walikuja kung'olewa. Akimwambia mtu, "Hili tunaweza kuliziba, na litakaa miaka mingi," mtu anamtazama kwa huruma.

"Daktari, kama kung'oa imekushinda si useme tu? Niende kwa mwingine."

Basi akang'oa. Dawa zikakauka kabatini, naye akang'oa. Na kilichomkera kupita yote ni kwamba kung'olewa peke yake hakukuwatosha. Walilitaka jino lenyewe. Mtu anatema damu, mdomo umekufa ganzi, na neno la kwanza ni, "Liko wapi?" Asipofungiwa jino lake kwa pamba akatiwa mkononi, haondoki. Waithaka aliona ni ushamba mtupu. Hakuuliza hata siku moja wanayapeleka wapi.

Sasa, siku moja ya soko waliingia watu wawili wakifuatana. Wa kwanza alikuwa Mzee Ngige, mkulima wa Kitale aliyekuwa ameleta viazi Chwele, gego likamshika njiani. Huyo Waithaka alimjua tangu utotoni, maana walisali kanisa moja, na kikohozi chake cha mikupuo kilikuwa kikiwachekesha watoto wakati wa mahubiri. Alimng'oa, akamkalisha kwenye benchi ya nje damu ikatike. Wa pili alikuwa Dinah Nasimiyu, mama wa Sirisia muuza vitunguu, mjane wa Wanjala, ambaye wengi walimwita Mama Nabwile kwa sababu ya binti yake. Naye gego. Naye akang'olewa, jino likadondoka kwenye sinia lile lile.

Waithaka alipotazama sinia aliona magego mawili yamelala kwenye damu moja. Lipi la nani? Angeweza kumwita kila mtu afungue mdomo, alinganishe mizizi na pengo. Ni kazi ndogo. Lakini alikuwa amechoka na nje watu walikuwa wanamngoja wakinung'unika, akasema moyoni, jino ni jino, bana. Akafunga moja kwa pamba, akafunga la pili, akagawa. Na hilo lazima lisemwe wazi: alijua kwamba hajui.

Mzee Ngige alicheka. "Hii sasa nitaifanyia nini, Waithaka?" Akalitia katika mfuko wa koti lake la kijivu, akaenda zake. Mama Nabwile alilifunga kwenye pindo la leso, akashukuru kwa mikono miwili.

Haukupita muda mama yake Waithaka akampigia simu kutoka Kitale. Mzee Ngige amefariki. Presha, ghafla tu, akiwa shambani. Waithaka akasikitika, akasema kazi ni nyingi, hataweza kufika mazishini. Akarudi kwa koleo zake.

Kisha Mama Nabwile akarudi kliniki. Alikuja adhuhuri, akakataa kuketi kwenye kiti cha wagonjwa, akasimama mlangoni ameshika leso yake kifuani.

"Bado inauma, mama?"

"Haiumi. Daktari, ulinipatia jino ya nani?"

Waithaka akajifanya kucheka. "Yako, mama. Ya nani tena?"

"Hapana. Sikia." Akaingia, akaurudisha mlango. "Kwetu jino haitupwi. Tunazika nyuma ya jikoni. Bibi yangu alituambia kwamba pale jino yako imelala ndiyo nyumbani kwako, hata ukufe huwezi potea. Nilizika hiyo ulinipatia. Tangu wiki ile kuna mzee anakuja kwangu jua likifika utosini. Kwanza alisimama kwa ua. Nikasema ni mpita njia. Halafu akaja kwa migomba. Halafu nikamkuta amekaa kwa kiti ya marehemu Wanjala. Na mbwa wangu, daktari, ile mbwa inauma kila mtu, haimbwekei. Inamtikisia mkia kama mwenye boma."

"Mzee wa namna gani?"

"Mrefu. Koti ya kijivu. Shavu moja imefura. Anakohoa hivi." Naye akakohoa, mikupuo mitatu ya haraka na mmoja wa kuvuta.

 Waithaka akaketi yeye kwenye kile kiti cha wagonjwa.

"Jana aliongea na Nabwile," Mama Nabwile akaendelea. "Alimwambia akusanye nguo zetu. Ati wageni tumekaa ya kutosha. Daktari, mimi sina mume, sina kaka. Hiyo boma ndiyo kila kitu niko nayo, mimi na mtoto wangu. Nitaenda wapi? Nipe jino yangu, utoe ya huyo mtu kwangu. Nakuomba."

Msomi wa watu alitaka kusema mambo ya ndoto, ya uchovu, ya homa inayofuata kung'olewa jino. Maneno yalikuwepo, aliyasomea. Lakini kile kikohozi hakikumpa nafasi. Akafunga kliniki mchana kweupe, wagonjwa wakabaki wanasonya kwenye benchi, akamtia Mama Nabwile kwenye pikapu yake, wakashika njia ya Sirisia.

Boma lilikuwa dogo na safi. Nabwile, msichana wa kuanza shule juzi tu, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, hataki kukaribia nyumba. Mbwa alikuwa amelala miguuni pa kiti cha mti, kiti kitupu, ametulia kabisa, anatikisa mkia kila baada ya muda. Waithaka aliwahi kuona mbwa wengi. Hakuwahi kuona mbwa anayemtazama usoni mtu asiyekuwepo.

"Ameingia ndani," Nabwile akamwambia mama yake. "Anauliza mbona hakuna moto."

Wakazunguka nyuma ya jikoni. Mama Nabwile akaonyesha mahali, Waithaka akapiga magoti na jembe la mkono, akachimba. Na alipokuwa anachimba, ndani ya jiko lile, upande wa pili wa ukuta wa udongo, mtu akakohoa. Mikupuo mitatu ya haraka na mmoja wa kuvuta. Kisha kiti kikasogezwa, kama anavyokisogeza mtu anayetaka kuinuka aone nani anachimba kwake.  Waithaka alitupa jembe akachimba kwa vidole, haraka haraka, akaomba kwa Kikuyu, akaomba kwa Kiswahili, mpaka akaligusa. Pamba ilikuwa imekwisha kuoza. Jino lilikuwa jeupe, halina hata chembe ya udongo, na lilikuwa na joto la mdomo.

"Na yangu?" Mama Nabwile akauliza.

"Nitakuletea, mama. Kesho."

"Usinisahau, daktari. Hata saa hii sijisikii vizuri. Nikiamka asubuhi inabidi nifikirie kwanza hapa ni wapi."

Alimsikia, ndiyo. Lakini mtu mwenye hofu husikia lile linalomhusu yeye tu, na Waithaka alitaka kitu kimoja, kuondoka pale na kukohoa kule kusimfuate.

Kesho yake asubuhi alikuwa Kitale. Shamba la Mzee Ngige lilikuwa nje kidogo ya mji, mahindi yamefika kiunoni, na kaburi liko chini kidogo ya nyumba, udongo wake bado mwekundu. Mjane, Mama Kabura, alimpokea kwa chai na machozi kidogo. Waithaka akatoa pole zake, akaomba radhi kwa kutofika mazishini, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza tu, habari za lile koti la kijivu.

"Si tulimzika nalo," Mama Kabura akasema. "Alilipenda sana. Hatukutoa hata kitu mfukoni. Vile lilikuwa ndivyo lilienda."

Waithaka akaweka kikombe chini. Basi jino la Mama Nabwile lilikuwa chini pale, kifuani pa maiti.

"Lakini wacha nikuulize, mwanangu, wewe umesoma." Mama Kabura alisogeza kiti chake karibu. "Tangu tumzike kuna mama anakuja hapa. Simjui, si mtu wa huku. Adhuhuri hivi namwona pale kaburini, amejifunga leso, anapafagia. Anapafagia kama mtu anafagia uwanja wa kwake. Nikimwita hageuki. Anaita tu jina, polepole, kama anayemtafuta mtoto kwa majirani. Nabwile. Nabwile. Hilo ni jina la wapi?"

"La Bungoma," Waithaka akasema.

"Mzee alikuwa na mtu Bungoma?" Uso wa mama wa watu ulikuwa umejikunja kwa uchungu aliokuwa ameubeba peke yake tangu siku ya maziko. "Niambie tu. Kama kuna kitu unajua niambie, sitalia."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Neno moja tu lilihitajika. Mama, si hivyo, mzee alikuwa mwaminifu, kosa ni langu mimi, naomba mniruhusu tufungue kaburi. Waithaka alilifikisha hilo neno mpaka kwenye ulimi. Kisha akilini akamwona mchungaji. Akaziona familia mbili zimesimama na sepetu, na baba yake mzazi, mzee wa kanisa, akiulizwa mwanawe anafukua wafu kwa sababu ya nini. Ya jino. Daktari mzima, aliyesomea Nairobi, anafukua kaburi kwa sababu ya jino. Aibu ikamziba mdomo kuliko ganzi.

"Hakuna kitu, Mama," akasema. "Mzee alikuwa anauza viazi tu."

Aliomba kwenda kuaga kaburi peke yake. Akalichimbia jino la Mzee Ngige kwenye udongo mwekundu, upande wa kichwa, akalikanyaga kwa kiatu. Papo hapo upepo ukatulia kwenye mahindi, na akahisi, sijui niseme vipi, akahisi kama mtu aliyekuwa amesimama kwa muda mrefu ameketi. Akajua mzee amefika kwake.

Na hebu sikia binadamu alivyo! Aliporudi kwenye pikapu alikuwa anatabasamu. Alikuwa amepata raha ambayo kazi yake haikumpa tangu aingie Bungoma: mgonjwa alikuja na shida, yeye akaijua, akaiondoa. Lile la pili alilisukuma kando. Mama Nabwile yuko hai, akajiambia, mtu hai hapotei. Nitampa jino jingine kliniki, hatajua. Akaendesha moja kwa moja hadi Sirisia akipiga mluzi, ili amweleze mwenyewe.

Mbwa ndiye aliyemlaki, akibweka kwa hasira, meno nje. Vizuri, Waithaka akawaza, mzee ameondoka kweli. Kisha akaona kwamba mbwa hambwekei yeye. Alikuwa anambwekea Mama Nabwile.

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti cha mti, magoti pamoja, amevaa gauni lake la kanisani, furushi mapajani, vile anavyoketi mgeni ambaye ameshakunywa chai na anangoja tu kuagwa. Alipomwona Waithaka akainuka kwa furaha.

"Daktari! Afadhali umekuja. Hii watu ni wazuri sana, wamenikaribisha vizuri, lakini sasa nimekaa ya kutosha. Nataka kwenda nyumbani. Si gari yako inafika Kitale?"

"Mama Nabwile," Waithaka akasema. "Nyumbani ni hapa."

Akacheka, kwa adabu, kama mtu anayetaniwa. "Hapa? Hapa sijui mtu." Alikuwa amekwisha kuufikia mlango wa pikapu, ameufungua, ameketi, ameweka furushi miguuni.

Nabwile akatoka mbio nyumbani, akalia, akashika pindo la gauni kwa mikono yote miwili. "Mama! Mama, usiende!"

Waithaka alisimama pale na ufunguo mkononi, hawezi kuwasha gari na hawezi kuondoka. Mama Nabwile akamtazama yule msichana kwa huruma kubwa, akainama, akampangusa machozi kwa ncha ya leso, akambandua vidole polepole, kimoja kimoja.

"Usilie, mtoto mzuri," akasema. "Mama yako anaitwa nani? Nikimwona njiani nitamwambia unamtafuta."