Meneja Hali cha Kupewa

Shangazi yangu Anisia, ambaye hapa kijijini kwetu, nje kidogo ya Ushirombo, wanamwita Mama Clemens, ni mtu wa kwaya. Hapigi kelele. Kuku akiingia jikoni humwambia, "Tafadhali, toka," na kuku, kwa kuwa hakupitia kipaimara, anaendelea kudonoa unga. Nalisema hili mapema ili mtakaposikia kwamba mwanamke huyohuyo aliwatoa sungusungu wote, walinzi wetu wa kijiji, majumbani kwao kwa ajili ya bakuli la supu, msidhani nazua.

Paka wake anaitwa Meneja. Jina alipewa na binamu yangu Clemens, aliyemtazama siku mbili akasema huyu hafanyi kazi, anakula vizuri, na akiulizwa jambo anafumba macho. Kikazi hasa, Meneja yupo kulinda mpunga stoo. Panya wa stoo ile wana afya njema, asanteni kwa kuuliza.

Chakula chake kilikuwa kimoja tu: dagaa wakavu wa Chato. Si wa kuloweka, si wa kuchemsha, wakavu wale wanaolia kacha mdomoni. Maji aliyatazama jinsi tajiri wa dhahabu anavyoitazama baiskeli: kitu kizuri, kwa wengine.

Jumatatu moja akaanza kuchuchumaa. Anakwenda kwenye lundo la mchanga wa kujengea, anachuchumaa, analia, anainuka, mchanga mkavu. Anazunguka, anarudi palepale. Shangazi, ambaye miaka yote alikuwa akituambia "huyo ni paka tu, msimzoeze vibaya," alimfunga kwenye kitenge chake cha misa, akapanda bodaboda mpaka mjini kwa Deusdedit, daktari wa mifugo. Mimi nilipanda nyuma yao nikitafakari. Mwaka jana nilipougua malaria niliambiwa nitembee kwa miguu, upepo utanisaidia.

Deusdedit alimchoma sindano ya usingizi, akampitishia mrija mwembamba, mkojo ukatoka, na chembechembe kama mchanga ndani yake.

"Mama, huyu amekauka," alisema. "Nimemzibua leo. Akiziba tena sikuahidi kitu, paka dume wakiziba wanakufa upesi. Dagaa wakavu basi. Mpe vyenye maji, supu ya samaki, bila chumvi, bila kitunguu. Na mwangalie mkojo. Akichuchumaa bila kutoa kitu, usingoje kesho, mlete."

"Na akiikataa hiyo supu?"

"Yeye akikataa, wewe usikubali."

Tuliporudi, jirani yetu Bujiku, ambaye ni mchimbaji wa dhahabu na haoni mchanga bila kuuliza maswali, alitusubiri kwenye ua.

"Hizo chembechembe mmeziacha kwa daktari?"

"Tuzibebe za nini?" nikamuuliza.

"Euphrasia, umesoma bure. Si mngezileta tuzioshe? Huwezi kujua paka kalamba mwamba gani."

"Nitakuombea, Bujiku," alisema shangazi, na alimaanisha.

Basi tukaanza. Siku ya kwanza tuliloweka dagaa. Meneja alimtoa mmoja kwa ukucha, akamlaza sakafuni juani, akakaa pembeni kumngoja akauke. Siku ya pili shangazi alinunua sato mbichi, yeye ambaye kwa roho yake hununua vichwa tu, akamchemsha, akamchambua miba yote kwa vidole, akampozea mchuzi ukawa vuguvugu. Meneja aligusa kwa mguu mmoja, akaukung'uta mara tatu. Siku hiyo hiyo jioni tulimpaka supu kwenye pua ajilambe. Alijifuta kwenye kitenge.

"Labda anataka kubembelezwa," alisema shangazi, akamwimbia. Sauti ya pili, beti zote nne. Meneja akalala.

Kesho yake asubuhi nikaona shangazi amekaa karibu na lile lundo la mchanga, rozari mkononi, akimwangalia paka akichuchumaa. Mkojo ulitoka kidogo, matone. Alikuwa akiyahesabu. Nikakaa kando yake, nikahesabu na mimi.

Dawa tuliipata kwa bahati mbaya. Mchana nilijipakulia supu yangu mwenyewe, nikaifunika kwa sahani, nikaenda kwa jirani kuomba chumvi. Narudi, sahani iko chini, kichwa cha Meneja kimo ndani ya bakuli mpaka masikioni.

"We mshenzi! Toka! Supu yangu!"

Hakutoka. Alinywa kwa kasi zaidi, ananitazama kwa jicho moja. Nikanyamaza kwa mshangao. Akaacha kunywa. Nikapiga kelele tena. Akarudi ndani ya bakuli.

"Shangazi!" nikaita. "Njoo uone! Hataki cha kupewa. Anataka cha kuiba!"

Kuanzia hapo ratiba ikawa hiyo. Saa kumi na moja jioni bakuli la Meneja linawekwa mezani chini ya sahani, kama la mtu. Sisi tunajificha nyuma ya mlango. Akipanda tu, natoka na mwiko: "Mwizi wewe! Leo nakuchuna!" na yeye anakunywa kama aliyekodishwa. Siku tatu, mkojo ukaanza kueleweka. Shangazi alinunua sato mwingine. Sisi tulikula mchicha.

Siku ya nne niliitwa Geita kwenye usaili wa kazi, tulikuwa watu mia nne kwa nafasi mbili, kwa hiyo nilikwenda kusalimia tu. Kabla ya kuondoka nilimfundisha shangazi.

"Sema: mwizi wewe!"

"Mwizi wewe," alisema, kama anasoma somo la kwanza.

"Kwa hasira, shangazi."

"Mwizi wewe, jamani."

Nikaondoka na wasiwasi. Niliporudi, ile nashuka kwenye basi tu, nikasikia mwano.

Kwa asiyejua, mwano ni yowe la hatari. Huku kwetu ukilisikia unaacha tonge hewani, unachukua chochote chenye ncha, unakimbilia linakotoka, maana atakayebaki nyumbani atahesabiwa kuwa mshirika wa mwizi. Na anayelipiga bure anatozwa mbuzi, wale waliokimbia wamle ili hasira zishuke. Filimbi zikaanza kuitikia huku na huku. Watu wakatoka mashambani na pinde, na marungu, mmoja na pasi ya mkaa. Nami nikakimbia nao, mpaka nikaona tunakunja kona ya kwetu.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ua, mwiko mkononi, uso umemshuka. Watu kama arobaini wamemzunguka wakihema. Kamanda wa sungusungu, mzee Maduhu, alisogea mbele na mshale kwenye upinde.

"Mama Clemens, pole. Mwizi yuko wapi?"

Shangazi alionyesha kwa mwiko, mlangoni.

"Yuko ndani?"

"Mezani."

"Chini ya meza?"

"Juu," alisema shangazi kwa sauti ya sala.

Wote wakachungulia. Meneja alikuwa juu ya meza, pua imelowa, bakuli liko nusu. Ukimya ukaingia, ule ambao unasikia kuku akijikuna. Na Meneja, aliyekuwa akinywa vizuri kabisa chini ya pinde arobaini, alipoona watu wametulia, akainua kichwa, akajilamba mara moja, akageuka kuondoka.

"Jamani, msinyamaze!" shangazi alisema.

"Tusinyamaze nini?" Maduhu aliuliza.

"Mkinyamaza hali."

"Hali nani?"

"Meneja." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa. "Hajakojoa tangu asubuhi. Nilimwambia mwizi wewe, akanihurumia. Nikajaribu tena, akashuka mezani. Nikaona anakufa. Yowe lingine silijui, baba, najua mwano tu. Mbuzi nitatoa. Ila mpigieni kelele kwanza, amalize!"

Nilidhani watacheka. Nilikuwa tayari kuwaongoza. Lakini Bujiku, mwenyewe, aliinua sururu yake juu akaunguruma, "Mwizi huyooo! Mkamateni!" na ua mzima ukalipuka. Filimbi, mabati yakipigwa, bibi mmoja anamtukana Meneja ukoo wake wote mpaka kwa chui. Meneja alirudi kwenye bakuli kwa heshima zote, akalikomba mpaka likateleza mezani.

Kisha akashuka. Akapita katikati ya miguu yao, akaenda kwenye lundo la mchanga, akafukua, akachuchumaa.

Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Walinyamaza. Maduhu alivua kofia. Tukangoja, na shangazi akanishika mkono.

Mchanga ukaanza kubadilika rangi. Mduara mdogo, ukapanuka, ukaendelea kupanuka.

Vigelegele alivyopiga shangazi yangu siku ile hata kwenye upadirisho sijavisikia.

"Sheria ni sheria, Mama Clemens," alisema Maduhu, akiuweka mshale pahala pake. "Mbuzi ni mbuzi."

"Yule beberu mweusi. Mchukueni, baba."

Wakaenda kumfungua. Maduhu alibaki nyuma kidogo, anamtazama Meneja akifukia mchanga wake.

"Na kesho anakula saa ngapi?"

"Saa kumi na moja," shangazi alijibu, akijifuta macho kwa kitenge. "Msichelewe."