Ubao Uliokataa Kufutwa

Jumatatu, kipindi cha kwanza, Mwalimu Gody aliingia Kidato cha Nne katika shule moja ya kata upande wa Bukima, akaandika lengo la somo ubaoni kwa Kiingereza cha muhtasari, akakaa. Gody ni mwalimu wa Historia. Mwalimu wa Hisabati alihamishiwa mjini Musoma mwaka juzi, nafasi yake haijajazwa, na ofisi ikasema Gody ashikilie. Kushikilia maana yake ni kuandika lengo, kusahihisha madaftari ya Historia mpaka kengele, kisha kujaza kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa. Lengo la siku ile lilisema kwamba mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kutafuta eneo la duara na vipande vyake. Hakuna aliyeweza. Hakuna aliyefundishwa pia, tuseme ukweli.

Kengele ilipogongwa, mwanafunzi wa zamu akafuta ubao lakini maandishi hayakufutika. Akatumia dasta, akatumia sweta kuukuu, akatumia majani ya maboga. Gody akasema chaki za siku hizi mbovu, akaenda kunywa chai. Jumanne akaandika lengo jingine chini ya lile la jana, nalo likagoma. Kufikia mwezi wa tano ubao ulikuwa umejaa: maduara, takwimu, vekta, matriksi, vyote vimechanganywa humohumo kama muhtasari unavyotaka. Mwalimu wa Kiswahili akawa anaandika katikati ya mistari. Mkuu wa shule, Mwalimu Makongoro, akaagiza ubao upakwe upya kwa unga wa betri na majani ya kusaga. Rangi ikakauka vizuri, na malengo yakapanda juu yake, meupe kuliko mwanzo. Vipindi vikaendelea.

Kisha mwanafunzi mmoja, Samwel, akaacha shule, akaenda kambi ya sangara kwa kaka yake. Asubuhi iliyofuata mstari wa vekta ulikuwa sakafuni, vumbi tupu. Wanafunzi walijua sababu. Wengine wote walishajifunza vekta, wengi kwenye twisheni ya likizo kule Mwisenge mjini, ambako wazazi wao waliwalipia, na wachache kwa kuelekezwa na wenzao. Samwel peke yake ndiye alikuwa hajui. Lengo lilisema kila mwanafunzi, na sasa kila mwanafunzi aliyebaki alikuwa anaweza.

Makongoro naye alielewa, tena upesi. Laiti angekuwa mwepesi hivyo siku wazazi walipomwomba adai mwalimu! Wathibiti ubora walikuwa wanakuja kutoka mjini. Hakwenda wilayani kugonga meza. Hakumwambia Gody asimame afundishe. Alitoa jaribio, akapanga majina, akaanza kuita wazazi wa watoto wa mkiani. Kila mtoto alipotoka getini na begi lake, mstari mmoja ulianguka darasani, na wa zamu akafagia. Mtoto hakufundishwa, halafu anafukuzwa kwa sababu hajui. Huo ni uonevu, na waliokuwa wanaufanya walikuwa wamevaa tai.

Wa mwisho alikuwa Ursula. Huyu alitaka kitu kimoja tu, kufanya mtihani wa taifa apate cheti, akasomee ufundi wa injini za boti. Pale mwaloni, boti zinapoegeshwa, wavuvi walishazoea kumwona ameinamia mashine zao. Twisheni hakwenda, maana likizo yeye huanika dagaa na mama yake, Getruda. Mama akaitwa. Akakaa kwenye benchi la ofisini na kitenge chake cha kanisani, akauliza mtoto amekosa nini.

"Hajakosa kitu, mama," Makongoro akasema. "Ana adabu, ana mahudhurio. Ila ubao umemkataa. Atafanya mwakani, mtahiniwa wa kujitegemea."

Getruda akauliza ni nani aliyemfundisha Hisabati mtoto huyu akashindwa kuelewa. Makongoro akatazama saa, akasema wageni wako njiani.

Ursula alipovuka geti, mistari yote iliyobaki ikaanguka kwa pamoja. Mthibiti akaukuta ubao mweusi tii. Gody akachagua lengo ambalo watoto wa twisheni walishalijua, akaliandika, akalipuliza, likadondoka. Mthibiti akasema mkoa mzima hajaona shule inayofikia malengo kwa kasi ile, na walimu wa Bunda na Butiama waletwe wajifunze. Wakaletwa. Gody akapewa cheti cha pongezi na soda. Ofisi nayo ikaifuta kabisa nafasi ya mwalimu wa Hisabati, kwa kuwa ilionekana haihitajiki.

Wiki ileile malengo yakatokea kwenye ukuta wa nyumba ya Getruda, yote, kwa mwandiko wa Gody. Kwa Samwel yalikuwa yametokea ubavuni mwa mtumbwi, na kaka yake aliendelea kuvua nayo. Getruda akausiliba ukuta kwa udongo na samadi, yakarudi. Akausiliba tena, yakarudi. Majirani wakaegemeza nyavu zao hapohapo.

Siku ya mtihani wa Hisabati, Ursula alikuwa uani anageuza dagaa. Mama yake akasimama mbele ya ukuta. Kiingereza hajui, akamwuliza binti yake mstari ule wa juu unasemaje.

"Unasema mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kutafuta eneo la duara."

"Kila mwanafunzi," Getruda akasema. "Na wewe je?"

"Nilikuwaga, mama."

Getruda akawatukana kwa lugha ya kwao, mmoja mmoja kwa jina, kuanzia Gody na Makongoro kwenda juu mpaka majina yakamwishia. Kisha akainama kumsaidia mtoto kukusanya, maana mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani na dagaa walikuwa bado hawajakauka.