Mlio Ambao Haukutokea Sikio la Pili

Kila asubuhi kabla ya kupuliza rangi, dada fundi rangi wa karakana ya magari alikuwa analaza sikio kwenye tangi la kompresa, kama daktari anavyosikiliza kifua. Tangi likikoroma vizuri, kazi inaanza. Likipiga mluzi, anaenda kumwambia meneja, na meneja anamwambia arudi kazini. Mluzi ulianza kabla ya mvua, mvua zikaisha, bado upo.

Siku tangi lilipopasuka, sikio lilikuwa palepale. Mlio wote ukaingia humo, haukubaki hata kidogo wa kuwagawia wengine. Fundi bodi alikuwa hapo pembeni ananyoosha mlango wa pikapu. Aliona tangi limefunuka kama kopo la samaki na mwenzake amekaa chini, akadhani anapumzika. Hakusikia kitu. Hata mama wa kioski ng'ambo ya barabara hakusikia kitu, na yule husikia mpaka yasiyosemwa.

Sikio la kulia lilikufa, la kushoto nalo likaziba kwa huruma.

Wakaguzi walikuja na mashati yao meupe. Meneja akawaeleza, akichanganya Kiingereza kama kawaida yake, kwamba pale hapakuwa na bang. Kulikuwa na noise, na karakana gani haina noise? Wakawauliza mafundi mmoja mmoja, nao, kwa haki ya Mungu, wakajibu hawakusikia kitu. Basi ikaamuliwa kwamba yule dada masikio yake yamechakaa taratibu kwa kutojitunza. Tangi likachomelewa, likapakwa kijani, likarudishwa. Fundi rangi hakurudishwa.

Fundi bodi alimpelekea habari nyumbani. Kwa kuwa hasikii, alimwandikia kwa kidole kwenye vumbi la dirisha: BANG HAKUNA. NOISE TU.

Fundi rangi akataka kulijua hilo neno ambalo halikuwepo. Jirani yake alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtu wa kukaa na chaki mfukoni mpaka leo. Mwalimu akamwandikia mlangoni. Noise ni kelele yoyote, hata ya kuku. Bang ni mlio mmoja, mkubwa, wa ghafla, kitu kinapopasuka au kugongwa kwa nguvu. Tairi likipasuka ni bang. Mlango ukibamizwa ni bang. Mtu akipiga meza kwa hasira, nayo ni bang. Halafu akamwonyesha kwa midomo: funga, fumbua, malizia puani.

Fundi rangi akafunga, akafumbua. Mlio ukatoka. Vikombe vyote vya mwalimu vikapasuka na dari ikamwaga vumbi. Mwalimu akajipangusa mabega, akaandika: Vizuri. Ila hiyo g ya mwisho usiikazie.

Jioni mlio ulirudi sikioni wenyewe, kama kuku anavyorudi bandani. Hapo ndipo alipojua atafanya nini nao.

Kesho yake akasimama mlangoni kwa meneja. Meneja alikuwa na wateja, akampungia mkono kama anafukuza nzi. Dada wa watu akafumbua mdomo, akamwachia. Mlio ukaingia ofisini, ukakaa. Kuanzia hapo meneja akifunga droo, bang. Akiweka kijiko mezani, bang. Akivua kiatu, bang. Wateja wakawa wanajimwagia chai mapajani, wanaomba kitambaa, wanaendelea kuulizia gari lao. Jioni mlio unarudi kwa mwenyewe, asubuhi anaupeleka tena, kama muuza maziwa. Jumapili anaupeleka nyumbani kwa meneja. Hakuruka hata siku moja, na usingizi ulikuwa unamjia mtamu.

Meneja akakonda. Mkewe akahamia kwa mama yake, akisema anataka tu kulala. Mwisho meneja akamfuata fundi rangi getini, akamsemesha polepole ili amsome midomo.

"Dada yangu, yaishe. Unataka nini?"

"Sema ilikuwa nini."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, maana sauti yake mwenyewe haisikii. Mafundi wote wakaacha kazi, wakatazama. Neno lenyewe fupi, halichoshi mtu. Fundi rangi akakazia macho ile midomo, akingoja ifunge, kwa sababu neno lile huwezi kulisema bila kufunga midomo kwanza.

Haikufunga.

"Noise," akasema meneja. "Noise tu, dada yangu."

"Haya. Basi tuonane kesho."

Meneja akanunua pamba, akawagawia mafundi wote, na yeye akajiziba. Wateja wakazoea. Akaajiriwa fundi rangi mpya, binti mchangamfu, na kila asubuhi analaza sikio lake lenye pamba kwenye tangi la kijani, maana alielekezwa hivyo, kisha anasema liko sawa.

Asubuhi moja yule wa zamani alifika na mzigo wake sikioni, akaegemeza kiganja ukutani. Mluzi akausikia kwa mkono. Akamwambia fundi bodi. Fundi bodi akatoa pamba, akasikiliza, akaenda kumwambia meneja, na meneja akamwambia arudi kazini.

Fundi rangi akangoja mpaka mlango wa ofisi uanze kufungwa. Akafunga midomo, akafumbua.