Bahari Chini ya Jiko la Mabruka

Mabruka alikuwa akichekecha kuskusi wakati Lazhar, mkaguzi wa mambo ya kale, alipopiga hodi. Tangu mafundi bomba wafukue jiko na kukuta chini yake sakafu ya Warumi, bahari nzima ya vijiwe vya rangi yenye samaki na pweza mmoja, nyumba ya mjane huyu ilikuwa imeamriwa ibomolewe. Mali ya taifa haikai chini ya sufuria, walimwambia. Lazhar alikuja kupima.

"Nimetumwa tu, mama."

"Najua. Aliyekutuma mbona haji mwenyewe? Anaogopa pilipili yangu?"

Lazhar akacheka, akatoa futi yake.

Katika pwani hii ya Tunisia, mgeni haonyeshwi sakafu ya Warumi ikiwa kavu. Ni utovu wa adabu, maana vumbi huficha rangi, na kila mlinzi wa magofu hutembea na chupa ya maji. Mabruka kwa kawaida alinyunyiza kikombe kimoja tu. Samaki walicheza kidogo, maji yakikauka wakarudi mahali pao. Lakini leo mgeni alikuwa wa serikali, na Mabruka hakutaka kuitwa bahili. Akamwaga ndoo nzima.

Samaki wakajinyoosha. Walipoona maji yanatosha, wakajipanga, wakubwa mbele, wakaogelea hadi ukuta wa mashariki na kupita chini yake. Pweza peke yake ndiye aliyebaki, kando ya meko.

"Wanakwenda wapi hawa?" Lazhar aliuliza.

"Hata mimi nataka kujua. Twende."

Upande wa pili palikuwa na hoteli mpya. Ukumbini, vigae vilikuwa vimebanduka njia nzima waliyopita samaki, na chini yake bahari ileile iliendelea, rangi kwa rangi, mpaka kwenye meza ya keki. Mhudumu mmoja alimwomba Lazhar asimkanyage samaki mkunga.

Mabruka akapiga makofi kwa furaha. "Ewe Mola! Kumbe ni chumba kimoja! Basi tubomolewe wote, au tuachwe wote. Haya, pima na huku!"

Lazhar hakupima. "Hoteli ina kibali, mama."

"Alikitoa nani?"

"Ofisi yetu."

"Na walipochimba msingi hawakuiona bahari yote hii?"

Lazhar alikunja futi yake taratibu. "Waliiona."

Mabruka akampa mgongo. Akarudi kwake kumalizia kuskusi, na Lazhar akala, maana ilikuwa saa ya chakula.

Tingatinga lilisubiri Idi ipite, kwa heshima ya sikukuu. Kiwanja kikazungushiwa uzio. Hoteli nayo ikabandika tangazo ukumbini, wageni wasiwatupie samaki mkate.

Mabruka alihamia kwa dada yake, ambako analalamika godoro ni gumu. Kila asubuhi huja na ndoo, akamwaga maji kupitia uzio. Pweza hujinyoosha, hupapasa pale yalipokuwa meko, asiyakute, akapapasa tena.

"Hata mimi siyaoni, baba," Mabruka humwambia.

Maji yakikauka, pweza hurudi mahali pake, na Mabruka hurudi kwa dada yake.