Mabega ya Wimbi

Viti vilikwisha mapema. Watu wakakalia mikono ya makochi, wengine ndoo zilizopinduliwa, na waliochelewa wakaegemea mlango kama wanadai kodi. Dada yake Koleo anapenda hivyo. Nyumba isiyojaa anaiona kama ina msiba. Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya fainali, na kituo kilichokuwa kikirusha mechi ndicho anachofanyia kazi mumewe, fundi mitambo.

Mpira ukapigwa kona. Picha ikakatika vipande vipande, kipa akabaki na miguu upande huu na kichwa upande ule.

"Mwenyeji wetu, huyo mmemchinja?" akauliza jirani mshonaji, mdomo wake hauna breki. "Mngetuambia tuje na sindano tumshone!"

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, kwa meno tu. Kesho yake alikuwa ameitwa na mkurugenzi, na wote pale walijua anaitwa kufukuzwa, kwa sababu dada hana siri inayolala kwake hata usiku mmoja. Watazamaji wa mtaa huu walikuwa wamelalamika mno, na mkurugenzi aliamua kwamba fundi wake ni mzembe.

Koleo alikuwa ameketi pembeni ya dirisha, soda imepata moto mkononi mwake. Yeye naye ni fundi mitambo, lakini wa kituo kingine cha televisheni, ambacho mnara wake unaonekana kutoka uani pale. Na alijua kwamba kasoro haikuwa ya shemeji. Ilikuwa yake.

Kipaza nguvu cha kurushia matangazo kina tabia ya mtu mvivu. Ukikibebesha kidogo hakikosei, ila kinakula umeme na kuugeuza joto la bure. Ukikisukuma mpaka karibu na kikomo chake, kinabana matumizi, lakini vilele vya mawimbi vinabanwa na kupinda, na uchafu unamwagikia masafa ya jirani. Ndiyo maana kuna kirekebishi. Hiki huonja kidogo kile kinachotoka kwenye kipaza, kikaona kilipopinda, kisha kikaipinda ishara kinyumenyume kabla haijaingia, ili mwishowe itoke imenyooka.

Koleo alikisukuma kipaza chake, akakifundisha kirekebishi, na umeme wa kituo ukashuka hadi bosi akampandisha cheo kuwa mkuu wa mitambo. Dada alimfanyia sherehe hapahapa sebuleni.

Alichokosea ni kitu kidogo. Kwenye waya unaopeleka onjo kwa kirekebishi, kile kipande cha kupunguza nguvu kiliungua, naye akapachika alichokikuta kwenye droo, dhaifu kuliko kilichotakiwa. Onjo likafika kali mno, na kirekebishi chenyewe kikawa kama mtu anayepigiwa kelele sikioni: kinasikia vibaya. Kikaanza kurekebisha makosa yasiyokuwapo na kuongeza ya kwake. Kioo cha mtambo kikaonyesha kila kitu safi, maana kilisoma kupitia sikio lilelile bovu.

Shemeji alipomwomba msaada, Koleo alipanda juu ya bati la nyumba hii na kipimo chake cha mkononi, shemeji akimshikia ngazi chini. Kwenye kipimo wimbi la kituo cha Koleo lilisimama limeota mabega, mapana, yamelalia masafa ya kituo cha shemeji. Wimbi safi halina mabega.

"Vipi huko?" shemeji aliuliza kutoka chini.

"Sioni kitu. Labda antena zenu," akajibu.

Alijiambia atarekebisha kimyakimya. Lakini kukifundisha kirekebishi upya kulitaka mtambo uzimwe, na kuuzima kulitaka maelezo kwa bosi. Akaahirisha, akaahirisha tena.

Sasa dada akapita na sahani, akamwegemea begani. "Kaka, mtafutie mwenzio hata kibarua cha kubeba waya huko kwenu. Yeye hawezi kukuomba, anaona aibu." Akaenda zake kumkaripia mshonaji.

Koleo akatoka uani, akampigia simu Chiriku, mwenzake aliyekuwa zamu.

"Shusha nguvu ya kipaza. Nusu."

"Wee! Watu wa mbali watatupoteza. Bosi akiuliza?"

"Mwambie nimekuamuru mimi."

Kelele ikalipuka sebuleni kabla hajaweka simu mfukoni. Aliporudi, kipa alikuwa mzima, na hata nyuzi za wavu zilihesabika. "Imepona yenyewe!" mshonaji akapiga makofi. Dada akapiga kigelegele.

Shemeji hakuitazama mechi. Alimtazama Koleo, akatazama simu iliyokuwa bado mkononi mwake, kisha dirisha lenye ule mnara. Fundi kwa fundi hawahitaji maneno mengi.

"Umeshusha," akasema.

"Nimeshusha."

Akamshika mkono, si kwa nguvu, akampeleka chumbani na kufunga mlango. Akabonyeza namba ya mkurugenzi, akaweka sauti ya nje na kumpa simu.

Koleo akajitambulisha. Akaeleza kipaza, kirekebishi, kipande cha kwenye droo. Alisema kosa ni la mtambo wake, si la fundi wa pale, na kwamba yuko tayari kuja kesho na kipimo aonyeshe.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa. Kesho njooni wote wawili. Ila nataka kujua kitu kimoja. Wewe umeligundua lini hili?"

Koleo angeweza kusema ni leo. Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anamwangalia mdomo.

"Siku ile nilipopanda juu ya bati lake," akasema. "Yeye akiwa amenishikia ngazi."