Kiunzi Kitupu cha Fundi Adelino

Watu husema nina roho mbaya. Sibishi. Mtu akimwibia mama yako jina, hiyo roho nzuri utaipeleka wapi?

Huku kwetu Gondomar, Ureno, kazi ya fedha imegawanywa tangu enzi za mabibi zetu. Mwanamume ni sonara: hupinda waya mnene akapata kiunzi, umbo la moyo au la hereni, katikati kutupu. Kisha kiunzi huletwa nyumbani kwa mwanamke, naye hukijaza waya mwembamba kama unywele, akiuviringisha kwa kibano kidogo kidogo hadi moyo ujae. Kiunzi ni kazi ya asubuhi moja, kujaza ni kazi ya wiki nzima. Lakini muhuri unaopigwa nyuma ni wa sonara.

Mama yangu, Felismina, alimjazia Fundi Adelino miaka thelathini na minane. Kazi yake ya mwisho ilikuwa moyo mkubwa wa sanamu ya Bikira Maria wa kanisani kwetu, na alipoumaliza, macho yake nayo yalikuwa yamekwisha. Chini ya moyo ule pana kibao: "Kazi ya mikono ya Adelino Sequeiros." Nilimwendea nikamwomba aongeze jina la mama. Jina tu. Akacheka.

"Gracinda, binti yangu, umeona wapi watu wakiandika jina la aliyefua shuka za harusi?"

Nilirudi nyumbani nikaapa kwamba jina la mama litatoka mdomoni mwake mwenyewe, mbele za watu, na mama akiwa hai wa kulisikia.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia, na sikuacha. Siku za kazi nilijaza viunzi vyake. Jumapili baada ya misa nilijifunza kutengeneza vyangu, pale pale jikoni. Niliuvuta waya kwenye bamba la matundu, tundu kubwa kwanza kisha dogo, hadi ukafika unene nilioutaka. Nilipigilia misumari kwenye ubao wa kukatia mkate, nikauzungusha waya humo ukawa moyo. Pete za kuunganishia nilizisokota kwenye sindano ya kufumia sweta nikazikata moja moja, na kulabu za hereni nilizipinda kwenye kalamu. Mama alikipapasa kila kitu kwa vidole.

"Moyo huu umeegemea upande kama mlevi. Rudia."

Nilirudia hadi mkate tukawa tunakatia mapajani, maana ubao ulikuwa misumari mitupu.

Sikukuu ya Rozari ilipokaribia, majaji wa mashindano ya masonara ya kila mwaka walitangaza kwamba mwaka huu kazi itafanywa uwanjani, watu wakiona: sonara na mjazaji wake, meza moja, moyo mdogo wa kumalizika siku hiyo hiyo. Adelino alikuwa ameshinda mara nne. Asubuhi ile alinikuta nimekaa meza ya peke yangu, mama pembeni akivunja maganda ya jozi ale kokwa, na mbele yangu kiunzi changu.

"Unafanya nini huko? Meza yetu hii hapa."

"Hiyo yako, Fundi. Hii yangu."

"Na mimi nani atanijazia?"

"Kwani si kazi ya mikono yako? Kibao ndivyo kinavyosema."

Alizunguka uwanja mzima akitafuta mjazaji. Kila mwanamke alikuwa na sonara wake, na hakuna aliyeinua kichwa. Akarudi akapinda kiunzi chake, kizuri, simsingizii, kikabaki kitupu juu ya kitambaa cheusi. Watu wakaanza kusogea. Mimi niliujaza moyo wangu polepole, kwa makusudi, nikimtazama akitokwa jasho na Oktoba yote ile ya baridi. Nilisikia raha hadi kwenye mifupa. Akutendaye mtende, mche asiyekutenda.

Saa sita jaji mmoja, mwanamke wa kutoka jiji la Porto, alisimama mezani kwake akamuuliza mbona moyo haujaanza kujazwa. Adelino aliacha meza yake. Alikuja kwangu akainama.

"Gracinda, usiniaibishe. Nimewalisha miaka yote hii."

"Sema nani aliujaza moyo wa Bikira."

"Nitabadilisha kibao. Kesho, naapa."

"Leo. Hapa. Kwa sauti."

Alimtazama jaji, akawatazama watu.

"Felismina," akanong'ona.

"Paza sauti, Fundi. Mama haoni, lakini masikio anayo."

"Moyo wa Bikira aliujaza Felismina Barbeito. Mimi nilipinda kiunzi tu."

Mama akaweka jozi chini.

Nilikuwa nimepata nilichokiapia, na hasira ikaniishia ghafla, sijui ilikwenda wapi. Nikamwona ni mzee tu. Nikamhurumia. Nikachukua kibano changu nikainuka niende kumjazia. Mama akanishika sketi.

"Unakwenda wapi?"

"Kumjazia, mama. Si ameshasema?"

"Nimemsikia. Lete hicho kibano."

Nikamwekea kiganjani. Akaunyoosha mkono kuelekea ilikotoka sauti ya Adelino.

"Shika, Adelino. Jaza. Wewe macho unayo."

Akakipokea, akaenda kukaa mezani kwake, na watu wakavuta viti karibu.