Shahamu ya Lama

Breki nzuri haitaki mambo mengi: pedi zenye unene, mafuta mapya yasiyoingia maji, na diski kavu, safi, isiyoguswa hata na kidole chenye grisi. Nilimwambia hivyo mama mkwe wangu, Doña Encarna, kwa Kihispania na kwa Kiaymara. Angetaka kuelewa angeelewa. Lakini kwake yeye, mwanamke fundi gereji si mwanamke.

Jumanne ya Kanivali tulibariki lori la mume wangu, Severo, kabla hajashuka mabonde ya Yungas kuchukua machungwa. Pedi mpya nilikuwa nimezifunga mwenyewe asubuhi ile. Tukamwagia matairi bia, tukafunga utepe. Mara namwona mama mkwe anakuja na kibakuli cha shahamu ya lama, mnyama wetu wa mizigo.

"Hiyo ni ya kuchoma kwenye makaa, mama. Usiniguse magurudumu!"

"Eti nini? Pachamama, Mama Ardhi mwenye sadaka yake, naye aombe ruhusa kwa mwenye spana?"

Watu wakacheka. Severo naye akacheka, mwanamume mzima! "Mwache mama apake, Fausta. Kwani atakula gari?" Nikaingia zangu jikoni kupakua chakula, nimefura kwa hasira.

Kwetu barabara inaanza kuteremka pale pale mlangoni. Kona ya tatu Severo alipitiliza.

Nilishuka bondeni kwa kamba pamoja na waliokwenda kumtoa. Wao walimbeba mume wangu. Mimi nilifungua gurudumu la mbele, nikakuta diski inateleza kwa shahamu. Nikachomoa pedi.

Matangani, mama mkwe alisubiri nyumba ijae ndipo akaninyooshea kidole.

"Muuaji huyo hapo! Kamfungia mwanangu breki mbovu! Hata mtoto hakumzalia, kazi kushika spana tu!"

Wanawake niliokaa nao benchi moja wakajisogeza mbali. Nikaitoa pedi kwenye kitambaa, nikamshikisha mkononi.

"Nusa, mama."

"Sitaki."

"Nusa! Ni kazi yako hiyo."

Akanusa. Akanusa tena, taratibu, nyumba nzima inamtazama. Kisha akaanza kuipangusa pedi kwa shali yake, anapangusa, anapangusa, huku anamwita Severo.

Ningeweza kumwambia kando, sisi wawili tu. Ile pedi nilikaa nayo siku mbili. Na mimi nilikuwa nangoja nyumba ijae.